Ukumbi wa Komini Apewe Nani?

Sanduku la Wasomaji. Anayejibu ni mama aliyekuwa karani wa komini moja (serikali ya sehemu ya mji) ya Lubumbashi, Kongo, kwa miaka 21.

Barua ya kwanza

Jambo Mama,

Mimi ni kocha wa basketi wa wasichana. Nina wachezaji 34, mdogo wao ana miaka 10 na mkubwa 19. Tunafanyia mazoezi katika kituo cha michezo cha komini yetu. Pale kuna uwanja wa simenti wenye vikapu viwili, ukumbi wenye jukwaa, vyumba vya kubadilishia nguo, na pisini, yaani bwawa la kuogelea, ambayo haijatiwa maji tangu mimi ni mtoto. Hatulipi kitu, ila tunafagia, na kila mwezi tunamchangia mlinzi unga wa bukari.

Mwezi uliopita tulisikia kwamba komini inatafuta mtu wa kukishika kituo. Wengine wanasema kitapewa mfanyabiashara kwa miaka 15 kwa sababu ameahidi kufufua pisini. Wengine wanasema kitapewa parokia. Kuna aliyeniambia kwamba komini itabaki nacho yenyewe. Nikiuliza ofisini najibiwa, "Wakubwa wanaangalia." Binamu yangu anakaa Manchester. Anasema huko baraza la mji likitaka kubadili msimamizi wa pisini, watu wanaulizwa kwanza na karatasi zinawekwa wazi. Je, huku kwetu anayeamua ni nani, anaamua kwa njia gani, na sisi tunaingilia wapi? Sitaki kuja kusikia habari siku ambayo kufuli jipya limeshafungwa.

Kocha, Lubumbashi

Jibu

Aksanti, mwanangu. Jina la komini nimelitoa kwenye barua yako, maana kesho bado utahitaji kupita kwenye geti lile.

Umeniuliza anayeamua ni nani. Nitakujibu. Lakini tazama tena ulichoandika: una majina matatu, la mfanyabiashara, la parokia na la komini, na huna hata mstari mmoja unaosema kituo kitafanya kazi gani, siku zipi, kwa ajili ya nani. Si kosa lako, ndivyo habari ilivyokufikia. Hapo hasa ndipo mabaraza hupotea njia. Mjadala ukianza na jina, watu wanagawanyika papo hapo, huyu ni wetu, yule si wetu. Anayeshinda anapewa ufunguo, na masharti yanatafutwa baadaye.

Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu mkono wangu ulikuwamo. Mwaka mmoja hivi kabla ya majeshi ya AFDL, waasi wa Laurent Kabila, kuingia Lubumbashi, Aprili 1997, ofisi niliyoitumikia ilimkabidhi mtu ukumbi wake. Mkataba wote ulikuwa ukurasa mmoja. Mimi ndiye niliyeupiga kwa mashine, nakala tatu kwa karatasi za kaboni. Ulitaja kodi ya mwezi, ukataja muda, ukataja majina ya wenye kusaini. Haukutaja paa. Mvua za msimu wa pili ziling'oa mabati upande wa jukwaa. Msimamizi akasema paa ni mali ya komini. Komini ikasema anayekusanya pesa ndiye anayetengeneza. Kulikuwa na akina mama kumi na wawili waliokuwa wakijifunza kushona mle ndani. Walibeba mashine zao wakaenda kukaa chini ya mwembe wa jirani, na mvua ilipozidi wakatawanyika. Siku ile napiga karatasi nilijua kabisa kwamba wanakutana kila Jumanne na Alhamisi. Nilikuwa nawasikia kutoka dirishani kwangu. Hakuna aliyeniuliza niwaandike, nami sikusema.

Sasa, anayeamua. Sheria ya kushika ni ile ya tarehe 7 Oktoba 2008, namba 08/016, inayopanga kazi za miji, komini, sekta na machifu. Kwa sheria hiyo komini ina vyombo viwili. Kuna baraza la komini, ambalo washauri wake wanachaguliwa na wananchi, na kuna kamati ya utendaji, yaani burgumestri (mkuu wa komini), msaidizi wake na maeshevini wawili (wajumbe wa kamati). Baraza linajadili na kupitisha, kamati inatekeleza, na gavana wa jimbo ana jicho la usimamizi juu ya wote wawili. Kwa hiyo ukiambiwa "wakubwa wanaangalia", uliza kwa heshima: wakubwa wa baraza au wa kamati? Mkataba unasainiwa na kamati. Lakini kuamua kwamba mali ya wakaaji itoke mikononi mwa komini kwa miaka 15, hilo si jambo la kumalizwa katika ofisi moja yenye mlango uliofungwa.

Wazee wetu walipiga kura ya komini Desemba 1957, mji ukiitwa bado Élisabethville. Halafu ukaja muda mrefu sana ambao burgumestri aliteuliwa kutoka juu, na sisi makarani tukazoea kwamba uamuzi unashuka ukiwa umeshapigwa muhuri. Desemba 2023 tulipewa tena karatasi ya kuchagua washauri wa komini, katika miji mikuu ya majimbo, na Lubumbashi ni mmojawapo. Basi unaye mshauri uliyempigia kura wewe, au jirani yako alimpigia. Anza na huyo. Usiende kwanza kwa burgumestri, wala usianzie redioni. Mshauri akisikia jambo redioni kabla yako anajiona ameshitakiwa, na atatumia nguvu zake kujitetea badala ya kukusaidia.

Mikono inayoweza kushika kituo si mingi. Komini inaweza kukishika yenyewe, na wafanyakazi wake, na kasha lake, na hasara yake. Inaweza kukikodisha: mtu anakiendesha, anakusanya viingilio, anailipa komini kiasi walichopatana, na matengenezo makubwa ya majengo yanabaki mzigo wa komini. Katika karatasi zetu za Kifaransa njia hiyo inaitwa afermaji. Au mtu anatia pesa zake, anajenga au kufufua, anaendesha miaka ya kutosha ili arudishe alichotia, kisha anarudisha kila kitu. Hiyo ni konsesio. Mfanyabiashara wako, kama kweli ataifufua pisini, anaomba konsesio, hata kama anaiita kodi. Sheria ya zabuni za serikali ya tarehe 27 Aprili 2010 inazijua afermaji na konsesio, na sheria ya ubia wa serikali na watu binafsi ya tarehe 9 Julai 2018 imeongeza kanuni zake. Kawaida inayodaiwa na zote mbili ni ushindani: tangazo linatoka, wanaotaka wanajitokeza, wanapimwa kwa vipimo vilivyoandikwa kabla hawajajulikana. Ahadi iliyotolewa kando ya meza si ushindani.

Kuna pia njia ya kukipa chama, na parokia inaingia humo. Wengi wanaipenda kwa sababu hakuna anayetafuta faida, na mimi pia moyo wangu uko karibu na njia hiyo. Lakini waulize kabla: wiki ya Pasaka, uwanja utakuwa wa nani? Na wale wasichana wako Wamethodisti na Waislamu, wataingia kwa haki au kwa ruhusa? Parokia nzuri haitakasirika kuulizwa, itajibu kwa maandishi.

Kuhusu binamu yako wa Manchester, amesema kweli, ila asikufanye uamini kwamba huko mambo ni laini. Uingereza, sheria hailazimishi baraza la mji kuwa na pisini wala ukumbi wa michezo. Kuwa na maktaba inalazimisha, tangu 1964, kuwa na pisini hapana. Kwa hiyo kasha likikauka, pisini ni ya kwanza kutazamwa. Kulikuwa na wakati ambapo serikali kuu iliyalazimisha mabaraza kuitisha zabuni za kusimamia vituo vya michezo, kwa sheria ya 1988 na agizo la mwaka uliofuata, wakitaka wasitake. Sheria ya 1999 ikaliondoa sharti hilo. Tangu hapo kila mji umeenda kivyake. Greenwich, ndani ya London, pesa za baraza zilipopungua, wafanyakazi wenyewe waliunda chama mwaka 1993 wakachukua vituo walivyokuwa wakivifanyia kazi, na chama hicho leo kinasimamia vituo vya mabaraza mengine mengi. Southwark, katika London hiyo hiyo, baraza liliviondoa vituo mikononi mwa kampuni iliyokuwa navyo na kuvishika lenyewe mwaka 2023. Na Newcastle, katika mtaa unaoitwa Jesmond, baraza lilifunga pisini mwaka 1991. Wakaaji wakaifungua tena mwaka 1992 na kuiendesha wao. Nakupa mifano hii ili mtu asije akakuambia kwamba kuna mkono mmoja tu uliobarikiwa, na kwamba kwa bahati ni wa kwake.

Ila mfano ninaoupenda kuliko yote uko Ufaransa, ambayo lugha yake ndiyo ya ofisi zetu. Huko, baraza likitaka kukabidhi huduma kwa mtu wa nje, linapiga kura mara mbili. Kura ya kwanza haina jina la mtu. Inauliza: je, tukabidhi au tubaki nayo, na anayechukua atadaiwa nini? Katika miji yenye zaidi ya watu 10,000, kabla ya kura hiyo kuna kamati ya ushauri inayosikilizwa, na ndani yake wamo wajumbe wa vyama vya wakaaji. Baada ya hapo tangazo linatoka na mazungumzo yanafanyika. Ndipo baraza linapokaa tena kupiga kura juu ya mtu na mkataba wake. Na kila mwaka mwenye mkataba analeta ripoti ya hesabu na ya namna alivyowahudumia watu.

Kura mbili, mwanangu. Kama una nafasi ya kumwomba mshauri wako jambo moja tu, mwombe hilo. Asikubali kikao kimoja kibebe kazi ya kituo, masharti na jina la mtu pamoja. Hakuna sheria yetu inayokataza baraza kujipangia hivyo.

Tena kura ya kwanza iwe na hesabu mezani. Chukua hiyo pisini inayowatamanisha wote. Tuseme ina urefu wa mita 25, upana wa mita 10, na kina cha wastani mita moja na nusu. Hizo ni mita za ujazo 375, yaani lita 375,000 za kuijaza mara moja tu. Bado klorini. Bado pampu ya kuchuja maji, ambayo haiwezi kupumzika kama mtu anavyopumzika, na umeme ukikatika, bado mafuta ya jenereta. Bado mtu wa kuangalia watoto wasizame, naye anakula kila siku. Fakitire ya maji ya REGIDESO na ya umeme ya SNEL zinakuja hata mwezi ambao hakuna aliyeogelea, na miezi hiyo tunayo: mji wetu uko juu, zaidi ya mita 1,200, na kipwa (kiangazi) cha Juni na Julai asubuhi watoto wanatoka nyumbani na makoti. Nani ataingia majini? Mtu akikuambia pisini itajilipia yenyewe, mwombe akuonyeshe hesabu ya Julai. Hata Uingereza, yenye wateja wanaolipa mwaka mzima, bei za gesi na umeme zilipopanda mwaka 2022 pisini za mabaraza ndizo zilizoumia.

Mimi nilijifunza kuogelea katika pisini ya kampuni ya migodi ambayo baba alifanyia kazi. Ilikuwa na vigae vya buluu na mzee mmoja mkali mwenye filimbi. Shaba ilipoanguka, pisini haikufungwa kwa uamuzi wa mtu yeyote. Mwezi mmoja dawa haikununuliwa, maji yakageuka kijani, yakakauka, miti ikaota kwenye nyufa. Ilitegemea kasha moja, na kasha lile likaisha. Ndiyo maana nikisikia "nitafufua pisini" sifurahi haraka, nauliza mwaka wa pili utalipwa na nini.

Utalipwa na ukumbi. Hapo ndipo jambo lako lilipo, kocha. Ukumbi una harusi za Jumamosi, una maombi ya Jumapili, una familia zinazokutana baada ya kilio, una semina katikati ya wiki. Ukumbi ndio utakaolisha pisini, na magari ya harusi yatatafuta mahali pa kusimama, na mahali penyewe ni uwanja wako wa simenti, ambao ni tambarare na uko karibu na mlango. Sisemi kwamba mfanyabiashara ni mtu mbaya. Hata angekuwa mtakatifu, hesabu itamsukuma huko. Jumamosi ya kwanza ataomba radhi. Ya tano ataweka kamba.

Saa ndizo mali ya kituo, kuliko kodi. Kodi ya mwezi kila mshauri ataiuliza, kwa sababu ni makuta na inaonekana; saa hakuna anayezihesabu, na ndizo watoto wanazonyang'anywa. Mkataba ukisema "vijana wa komini watapewa nafasi", haujasema neno. Usemeje? Useme hivi: Jumatatu, Jumatano na Ijumaa kuanzia 15:00 hadi 17:30, na Jumamosi kuanzia 8:00 hadi 11:00, uwanja wa basketi ni wa timu za watoto, bila malipo, na gari haliingii. Saa hizo zikivunjwa mara tatu katika mwaka, komini inakata sehemu fulani ya dhamana aliyoweka msimamizi. Hivyo ndivyo mstari mmoja ungewaweka wale mama kumi na wawili mahali pao.

Umeniuliza kimoyomoyo kama miaka 15 ni mingi. Inategemea anatia nini. Wa kupaka rangi na kubadili balbu hastahili zaidi ya miaka mitatu. Wa kufufua pisini kweli, bomba mpya, vigae, pampu, huyo anahitaji miaka ya kurudisha pesa zake, na kumi siiogopi, wala kumi na miwili, mradi iandikwe tarehe ya kufungua pisini na iandikwe kwamba tarehe hiyo ikipita na pisini bado kavu, kituo kinarudi. La sivyo atafungua ukumbi mwezi wa kwanza, na pisini itabaki ahadi kwa miaka 15. Ningekuwa barazani mimi ningekigawa kituo: ukumbi na pisini viende kwa mshindi wa zabuni, uwanja wa basketi ubaki kwa komini. Watasema kituo hakiwezi kukatwa vipande. Kinaweza. Ni ukuta wa matofali ya simenti na geti la pili.

Sasa fanya hivi. Chukua daftari, na kwa wiki nne uandike kila anayetumia kituo, siku, saa, na idadi: timu yako, vijana wa karate, kwaya, wazee wanaocheza dama kivulini. Mwombe na mlinzi akusaidie, yeye anajua kuliko ofisi yote. Daftari hilo litakuwa na nguvu kuliko hotuba, kwa sababu ninavyozijua komini zetu, hakuna hesabu nyingine ya watumiaji itakayokuwa mezani. Halafu andika barua kwa mwenyekiti wa baraza, nakala kwa burgumestri na kwa mshauri wako. Omba karatasi tatu: muswada wa uamuzi, daftari la masharti, na hesabu za kituo za mwaka uliopita, zilizoingia na zilizotoka. Wakikuambia hesabu za mwaka uliopita hazipo, umeshapata neno lako la kwanza la kusema kikaoni: watajuaje thamani ya kitu ambacho hawajui kinakula kiasi gani?

Barua ipeleke kwa mkono, nakala mbili, na ya pili usiondoke nayo bila kashe (muhuri), tarehe na namba. Nilikaa nyuma ya dirisha lile miaka 21. Barua isiyo na namba haipo, hata kama kila mtu ameisoma.

Na wasichana wasaini wenyewe, kila mmoja kwa jina lake na umri wake, hata yule wa miaka 10. Siku ya kikao nendeni mkakae nyuma, kwa nidhamu, na jezi zenu. Mkubwa wa miaka 19 ajitayarishe kusema dakika tatu, akiruhusiwa. Ni mpiga kura, washauri watahesabu hilo haraka sana.

Barua ya pili

Mama, jambo. Nyuma ya shule ya watoto wetu kuna uwanja wa mpira ambao sote tulichezea. Mtu mmoja alikuwa akiukata majani kwa miaka, na tulimshukuru. Sasa amejenga ukuta upande wa barabara na anaonyesha karatasi. Anasema aliyetunza ndiye mwenyewe. Je, ni kweli?

Baba wa watano

Jibu

Si kweli, baba. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 inasema ardhi ni mali ya Serikali peke yake, na ile iliyotengwa kwa matumizi ya wote haiwezi kupewa mtu mpaka kwanza iondolewe rasmi katika matumizi hayo. Kukata majani hakuondoi kitu rasmi, hata kukikatwa miaka 30. Basi msibishane naye juu ya ukuta. Mwombeni jambo moja: kile kitendo cha serikali kilichouondoa uwanja katika matumizi ya watu, chenye namba, tarehe na saini. Asipokuwa nacho, ile karatasi yake imesimama juu ya hewa, na mnaweza kwenda kwa mtunza hati za ardhi mkiwa wengi, pamoja na mkuu wa shule, kuomba faili ifunguliwe. Nendeni kabla ukuta haujafika upande wa pili. Ukuta mzima unavunjwa kwa shida kuliko nusu ukuta. Hilo nimeliona kwa macho.

Na kama kitendo hicho kipo kweli, someni kimetoa uwanja kwa kazi gani. Maana mahali pa burudani panabadilishwa kazi hata kwa njia halali. Jengo letu la 30 Juni lilijengwa miaka ya 1950 kuwa ukumbi wa tamthilia wa mji, na leo ndani yake linakaa bunge la jimbo. Wabunge wanahitaji kiti, sibishi. Lakini kila nikipita pale nafikiria jukwaa, na naona uwanja wa mpira wa watoto wenu haustahili kubadilishwa bila mtu kusimama na kusema tunauhitaji.

Barua ya tatu

Mama, mimi ndiye mmoja wa hao mnaowaita "mfanyabiashara". Niliomba kuendesha ukumbi wa komini nyingine, si ile ya kocha. Nina pesa kidogo, nina ujuzi wa kuandaa harusi na kazi ya sauti na taa, na nilikulia mtaa huo. Kabla sijafungua hata mdomo watu wananitazama kama mwizi. Nifanye nini?

Mwenye nia njema

Jibu

Mwanangu, nakuamini, na nakuambia kwamba karatasi ninazomshauri kocha azidai zinakulinda wewe kuliko zinavyomlinda yeye. Burgumestri aliyekupa neno lake leo anaweza asiwepo kesho, na anayekuja hatafungwa na neno la mwenzake. Atafungwa na mkataba uliopita kwenye tangazo, kwenye baraza na kwenye kitabu cha muhtasari. Wengi walioingia kwa mlango wa nyuma walitolewa kwa mlango huo huo, na viti vyao wakaviacha ndani.

Kwa hiyo usisubiri kudaiwa. Wewe mwenyewe andika mstari wa paa: tundu dogo ni lako, mbao na mabati ni ya komini, au kinyume chake kwa kodi ndogo zaidi. Andika saa za watoto na za akina mama, kabla hawajazililia. Toa bei mbili, ya harusi ya mkaaji wa komini na ya mtu wa nje. Kisha siku ya kuingia kataa kupokea ufunguo kabla hamjazunguka jengo zima pamoja na mtu wa komini na mshauri mmoja, mkaandika kila kitu mlichokikuta: viti vingapi na vingapi vina miguu yote, balbu zinazowaka, vioo vilivyopasuka, bomba zinazovuja, namba iliyosomeka siku hiyo kwenye mita ya umeme na ya maji. Pigeni picha. Wote msaini kila ukurasa.

Na hesabuni funguo. Ukumbi wetu ule wa mwaka 1996 ulikuwa na mlango wa nyuma, karibu na jukwaa, na mlango huo ulikuwa na funguo tatu. Mkataba ulipoisha tulirudishiwa mbili.